Somo la 31: Mtufe, Ua la Jangwani

1. Jamaa ya mmea huu

Kila mwanafunzi aliyewahi kupalilia bamia katika bustani ya shule analijua ua la mbamia. Lina majani matano laini, yenye rangi ya manjano iliyofifia, na chini kabisa ndani ya ua pana wekundu wa giza. Katikati husimama kijiti kidogo, nacho kimezungukwa na nyuzi fupi zenye unga. Litwae ua la mpamba ulitazame, utaona kijiti kile kile. Litwae ua la choya, ni vivyo hivyo. Nyuzi hizo hazikusimama mbalimbali kama katika maua mengine, bali zimeungana kwa chini zikawa mrija mmoja. Alama hiyo ni kama chapa juu ya ng'ombe: mwenye kuijua hutambua mara moja mmea umetoka zizi gani.

Wataalamu wa mimea huiita jamaa hii kwa jina la Kilatini, Malvaceae. Ina aina zaidi ya 4,000 katika dunia nzima. Zamani vitabu viliweka mbuyu, msufi na mlenda katika jamaa nyingine mbalimbali, lakini tangu mwaka 1998 wataalamu walio wengi wameziunganisha zote kuwa jamaa moja kubwa. Basi ute wa bamia na ute wa mlenda ni urithi wa ukoo mmoja.

Mbamia na mpamba hulimwa mahali penye mvua ya kutosha au maji ya kumwagilia. Je, yawezekana ndugu yao mmoja aishi mahali ambapo pengine mwaka mzima hupita bila mvua ya maana? Yuko. Leo tutajifunza habari zake: anaishi wapi, amevaa nini, huwekaje mbegu zake, na ni viumbe gani wanaomtegemea.

2. Jina lake na nchi yake

Jina lake la kitaalamu ni Sphaeralcea ambigua. Neno la kwanza limetoka katika Kiyunani: sphaira maana yake ni tufe, yaani kitu cha mviringo kama mpira, na alcea ni jina la kale la mmea mmoja wa jamaa hii. Neno la pili ni la Kilatini, na maana yake ni "wenye kutia shaka." Aliyeuita hivyo mwaka 1887 ni Asa Gray, mwalimu wa elimu ya mimea katika chuo cha Harvard. Gray alizaliwa mwaka 1810 akafa mwaka 1888, kwa hiyo mmea huu ni mmojawapo wa ile aliyoipa majina katika uzee wake. Alikuwa mtu wa dini na mtu wa elimu, wala hakuona kwamba mambo hayo mawili yanapigana.

Kwa kuwa Kiswahili hakina jina la mmea huu, katika somo hili tutauita mtufe, kwa ajili ya tunda lake lililo mviringo.

Mtufe ni mwenyeji wa majangwa ya kusini-magharibi ya Marekani, katika California, Nevada, Utah na Arizona. Tena huota ng'ambo ya mpaka, katika Sonora na Baja California za nchi ya Meksiko. Jangwa moja ambalo huonekana sana ni lile liitwalo Mojave.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini nchi ile ni kavu, hali bahari kuu ya Pasifiki haiko mbali sana? Sababu ni milima. Upande wa magharibi imesimama safu ya milima iitwayo Sierra Nevada, na kilele chake kirefu, Mount Whitney, kina futi zaidi ya 14,500. Upepo wa bahari huja umejaa mvuke. Ukipanda milima hupoa, na mvuke hugeuka mvua na theluji huko huko upande wa baharini na juu ya vilele. Ukishuka upande wa pili umekwisha kuwa mkavu. Ndivyo ilivyo hata kwetu: miteremko ya Usambara iliyoelekea bahari ina misitu mibichi, bali nyika ya Mkomazi iliyo nyuma ya milima ni kavu.

Ndani ya jangwa hilo limo bonde liitwalo Death Valley, maana yake Bonde la Mauti. Mahali pake pa chini kabisa ni futi 282 chini ya usawa wa bahari. Mvua ya mwaka mzima hapo ni kama inchi 2 tu, na Dar es Salaam hupata zaidi ya inchi 40. Tarehe 10 Julai 1913 kipimo cha joto katika bonde hilo kilionyesha digrii 134 za Fahrenheit, yaani karibu digrii 57 za sentigredi. Joto hilo ndilo kubwa kuliko yote yaliyoandikwa rasmi duniani.

Mtufe hauoti chini kabisa ya bonde. Hupenda miteremko, makorongo makavu yenye changarawe, na kando za njia, kuanzia futi 500 hivi hata futi 8,000 juu ya bahari. Lakini hata huko jua ni kali na mvua ni adimu.

3. Vazi la mtufe

Mtufe uliokomaa hufika futi 3 hivi kwenda juu. Tako la shina lake ni gumu kama mti, na kutoka hapo huchipuka matawi mengi membamba. Kadiri umri unavyozidi ndivyo matawi yanavyozidi, hata mmea mmoja mkongwe waweza kuwa na matawi karibu mia. Majani yake yamekunjamana, na kila jani limegawanyika sehemu tatu zenye ncha butu. Rangi yake si kijani kibichi kama jani la mbamia, bali ni ya kijivu, kana kwamba mtu ameyanyunyizia majivu.

Majivu hayo ni vinyweleo. Ukilitazama jani kwa kioo cha kukuzia, utaona kila kinyweleo kimegawanyika kama nyota yenye miale mingi. Nyota hizo zimesongamana juu ya jani na chini yake. Zina kazi tatu.

Kwanza, weupe wake hurudisha sehemu ya mwanga wa jua. Mnajua kwamba nyumba iliyopakwa chokaa hukaa baridi kuliko nyumba yenye kuta nyeusi. Ni hivyo hivyo.

Pili, huzuia upepo usifike kwenye ngozi ya jani. Mmea hupumua kwa vitundu vidogo sana vilivyo katika majani, na katika kupumua hupoteza maji. Nguo mbichi ikianikwa penye upepo hukauka upesi, lakini ikiviringishwa ndani ya nguo nyingine hukaa na unyevu wake muda mrefu. Ndivyo jani lililofunikwa linavyochelewa kukauka.

Tatu, ni silaha. Vinyweleo hukatika kwa urahisi, na mtu akiushika mmea kisha akajipangusa macho, macho humwasha na kuwa mekundu. Kwa sababu hiyo watu wa Meksiko huuita kwa Kihispania mal de ojo, yaani ubaya wa jicho. Hata hivyo wenyeji wa tangu kale wa nchi hizo, kama vile Washoshone, hawakuuacha kwa ajili ya kuwasha kwake. Waliutumia kuwa dawa ya kubandika penye uvimbe.

4. Ua na mgeni wake

Maua ya mtufe huja hasa katika miezi ya Machi, Aprili na Mei, baada ya mvua chache za majira ya baridi. Mvua ikinyesha wakati mwingine, mtufe waweza kuchanua tena. Rangi ya maua ni kama ya chungwa bivu. Mahali pengine huwa ya waridi, ya zambarau hafifu, au meupe. Majani matano ya ua hukaa pamoja kama kikombe kidogo, na ndani ya kikombe hicho umesimama ule mrija wa ukoo, nyuzi zimeungana, unga umekaa juu. Unga huo huitwa chavua. Pasipo chavua ya ua moja kufika katika ua jingine, mbegu hupungua.

Nyuki wa namna nyingi huja kwenye maua hayo, lakini yuko mmoja ambaye maisha yake yamefungamana nayo kabisa. Jina lake ni Diadasia diminuta. Ni mdogo, wa rangi ya kijivu. Hana mzinga wala malkia, wala hatengenezi asali ya kurinwa. Kila jike huchimba kishimo chake mwenyewe katika ardhi ngumu, na mlangoni hujenga mnara mdogo wa udongo ulio kama bomba. Ndani ya kishimo huweka chavua, hutaga yai, kisha hufunga. Mtoto akitoka katika yai hukuta chakula kimekwisha kuandaliwa. Chavua hiyo huitoa katika maua ya mitufe. Punje zake ni kubwa, zina miiba midogo, kama ilivyo desturi ya jamaa hii, na nyuki huyu ana nywele miguuni zinazofaa kuzibeba.

Madume hawachimbi vishimo. Usiku ukiingia, dume hujitia ndani ya ua la mtufe akalala humo. Asubuhi jua likimpasha joto huamka na kuruka, mwili wake umepakwa chavua, akaenda ua jingine. Hivyo mtufe hutoa malazi bure, na malipo yake ni mbegu.

5. Tunda na akiba yake

Sasa tumefika penye jambo kubwa la somo hili, nalo ni namna mtufe unavyotunza mbegu zake.

Majani ya ua yakianguka, tunda huanza kukua. Ni dogo, lapata ukubwa wa mbaazi. Limefanyika kwa vipande vingi vilivyopangwa duara, mfano wa chungwa lililomenywa. Tunda likikauka vipande huachana. Kila kipande kina sehemu mbili. Sehemu ya juu ni laini, nayo hupasuka yenyewe na kumwaga mbegu. Sehemu ya chini ina ukuta wenye mikunjo kama wavu, nayo haipasuki. Mbegu iliyomo humo huanguka chini hali bado imefungiwa.

Tena mbegu yenyewe ina ganda gumu lisilopitisha maji. Mvua yaweza kunyesha mpaka mchanga wote ukalowa, na mbegu ikabaki kavu ndani. Haioti mpaka ganda lile limekwaruzwa au kupata ufa. Maji ya gharika huiburura juu ya changarawe. Joto la mchana na baridi ya usiku huichosha mwaka baada ya mwaka. Na kwa kuwa mbegu hazikwaruzwi zote siku moja, haziwezi kuota zote siku moja. Nyingine huota mwaka huu, nyingine mwaka wa tatu, nyingine baadaye zaidi.

Mwanafunzi atasema, "Huu ni uvivu. Mbegu njema ni ile iotayo upesi." Shambani ni kweli, kwa maana mkulima yupo, huimwagilia na kuipalilia. Jangwani si hivyo. Mvua ya jangwani yaweza kunyesha siku moja kwa nguvu nyingi, kisha ikakatika miezi mingi. Lau mbegu zote zingeota kwa mvua ile ya kwanza, na mvua isirudi, miche yote ingekauka, na ardhini isingebaki hata mbegu moja ya kuanza tena. Ukoo mzima ungekwisha mahali pale kwa mvua moja ya udanganyifu.

Wazee wetu walijua jambo hili pasipo kuona jangwa la Mojave. Mwaka ambao mvua huanza mapema kisha ikakimbia, aliyepanda mbegu zake zote kwa mvua ya kwanza hukaa mikono mitupu. Aliyebakiza kibuyu cha mbegu darini juu ya moshi wa jiko hupanda tena, na watoto wake hula. Ndiyo maana walisema, Akiba haiozi. Mtufe hauna dari wala kibuyu. Ganda la mbegu ndilo kibuyu chake.

6. Ndugu yake wa msimu mmoja

Katika Mojave yuko ndugu mwingine wa jamaa hii, ambaye ameshika njia nyingine ya kuishi. Ni Eremalche rotundifolia. Mwanzo wa jina lake umetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya upweke au nyika. Ua lake ni la waridi lenye uzambarau, na kila moja la majani yake matano lina doa moja jekundu la giza kwa ndani. Kwa hiyo watu huliita ua la madoa matano. Ua hilo hukaa kama tufe lisilofunguka kabisa. Hufunguka alasiri, na jioni hujifunga. Jua likipenya ndani yake, huonekana kama taa iliyowashwa.

Mmea huu haushindani na kiangazi. Huota kwa mvua za majira ya baridi, huchanua, huzaa, na kabla ya joto kuu kuja umekwisha kufa. Hauna shina la mti wala umri mrefu. Kitu kinachovuka kiangazi ni mbegu tu, zilizolala mchangani. Mwaka usio na mvua, watu hupita juu yake wasijue kama ipo.

Mwezi wa Oktoba 2015 mvua kubwa zilinyesha katika Death Valley, hata gharika ikaharibu barabara na majengo. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa mwaka 2016, bonde lile lililo tupu lilivikwa maua mengi sana, na watu walisafiri kutoka mbali kwenda kuyatazama. Miaka ya namna hiyo ni michache. Kabla ya hapo ilikuwa mwaka 2005, na kabla yake mwaka 1998. Mbegu nyingi za maua hayo hazikupandwa na mtu, wala hazikuletwa na mvua. Zilikuwamo ardhini muda wote.

Basi hao ndugu wawili, mmoja hustahimili na mwingine hukimbia. Lakini wote wawili hutegemea akiba iliyo ardhini.

7. Kobe, nyasi za kigeni na moto

Mtufe ni chakula cha wanyama wengi. Kondoo-mwitu wenye pembe kubwa zilizopinda huula, na mbuzi wafugwao pia. Lakini wa kwanza kutajwa ni kobe wa jangwani, Gopherus agassizii. Kobe huyu aweza kuishi zaidi ya miaka 50. Sehemu kubwa ya maisha yake hukaa ndani ya shimo alilochimba, akiepuka joto na baridi, na maji huyaweka katika kibofu chake kama mtu awekavyo maji mtungini. Maua yakija hutoka kula, kwa maana anayokula katika majuma yale machache lazima yamtoshe muda mrefu. Mwaka 1990 serikali ya Marekani ilimwandika kobe wa Mojave katika orodha ya wanyama walindwao kwa sheria, kwa kuwa hesabu yao ilikuwa imepungua sana.

Mambo yanayomwangusha kobe ni mengi: magari, magonjwa, kunguru walao watoto wake, na majengo. Liko moja linalohusu somo letu, nalo ni nyasi.

Zamani za kale moto haukuweza kwenda mbali katika Mojave. Vichaka vilisimama mbalimbali, na kati ya kimoja na kingine palikuwa na mchanga mtupu. Radi ikipiga kichaka, kichaka kile kiliungua, na moto ukafa hapo hapo kwa kukosa njia. Katika karne ya 19 zikaingia nyasi za kigeni, na mojawapo ni Bromus rubens, ambayo asili yake ni nchi zilizo kando ya bahari ya Mediterania. Nyasi hizo huota kwa wingi mwaka wa mvua, hujaza zile nafasi tupu, kisha hufa na kubaki makapi makavu. Hivyo moto ulipata daraja la kuvukia toka kichaka hata kichaka.

Tarehe 15 Agosti 2020 radi ilipiga mahali paitwapo Cima Dome, ndani ya hifadhi ya Mojave. Kwa muda wa siku chache ekari zaidi ya 43,000 ziliungua. Mahali hapo palikuwa na msitu mkubwa wa ile miti iitwayo miti ya Yoshua, ambayo matawi yake huelekea juu kama mikono ya mtu aombaye. Watunzaji wa hifadhi walikadiria kwamba miti hiyo kama milioni 1.3 iliangamia. Mti wa Yoshua hukua polepole mno, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule atakuwa mzee kabla ya kuona msitu kama ule mahali pale.

Nao mtufe? Mahali palipoungua, mtufe ni miongoni mwa mimea irudiayo mapema. Akiba yake ya mbegu iko chini, na nafasi imepatikana juu. Watafiti waliowafuatia kobe mashariki ya Mojave, katika nchi iliyoungua mwaka 2005, waliona kwamba kobe waliingia majivuni kula mitufe iliyoota huko. Lakini waliona pia kwamba kobe walirudi kwenye vichaka visivyoungua kutafuta kivuli, kwa maana kobe asiye na kivuli mchana wa kiangazi hufa kwa joto. Chakula mtufe waweza kukitoa. Kivuli cha kichaka kikongwe hauwezi kukitoa. Na moto ukirudi tena na tena, vichaka havipati miaka ya kukua.

Kwa hiyo watu wanaoitunza nchi ile hawakai tu kungoja. Hukusanya mbegu za mtufe na za mimea mingine ya asili, huziweka ghalani, na kuzimwaga mahali palipoungua, ili nyasi za kigeni zisiwe za kwanza kushika ardhi. Mmea ulioweka akiba yake peke yake kwa miaka isiyohesabika, leo huwekewa akiba na mwanadamu, kwa sababu mwanadamu ndiye aliyeileta nyasi.

8. Tunajifunza nini?

Yuko mtu atazamaye nchi kavu akasema, "Hapa hapana kitu." Neno hilo limesemwa juu ya majangwa ya Marekani, na limesemwa juu ya nyika zetu pia. Kitabu cha Ayubu chataja mvua inyeshayo katika nyika isiyo na mtu, kwa maana Mungu hakuwaumba wanadamu peke yao, na mahali tusipolima si mahali palipoachwa. Chini ya mchanga wa Mojave zimelala mbegu, vimelala vishimo vya nyuki, amelala kobe. Vyote vyangoja maji, wala havikufa.

Tena tumeona kwamba mmea uliozoea kiu ya maelfu ya miaka waweza kutishwa na jambo dogo, nyasi moja iliyoletwa kutoka mbali. Nasi katika nchi yetu tuna mimea ya kigeni iliyoletwa kwa uzuri au kwa bahati mbaya. Kabla ya kupanda mmea mgeni, uliza kwanza ni wa wapi, huenea namna gani, na ni nani atakayeuzuia ukizidi. Na kabla ya kuchoma nyasi za porini, uliza moto huo utakomea wapi.

Jaribio la bustanini

Twaa mbegu 20 za bamia zilizo kavu. Kumi zisugue polepole kwa msasa mpaka ganda lianze kukwaruzika, lakini usifike ndani. Kumi uziache kama zilivyo. Zipande katika makopo mawili yenye udongo wa namna moja, siku moja, na kila siku zipe maji sawasawa. Kwa siku 14 andika katika daftari hesabu ya mbegu zilizoota katika kila kopo. Kisha ueleze darasani umeona nini, na jambo hilo lina uhusiano gani na mbegu za mtufe.

Maswali

1. Ni alama gani katika ua inayoonyesha kwamba mbamia, mpamba na mtufe ni wa jamaa moja?
2. Eleza kwa nini upande mmoja wa safu ya milima huwa na mvua nyingi na upande wa pili huwa mkavu. Toa mfano mmoja wa Marekani na mmoja wa kwetu.
3. Taja kazi tatu za vinyweleo vya mtufe.
4. Nyuki aitwaye Diadasia diminuta huishi tofauti gani na nyuki wa mzinga?
5. Kwa nini ni faida kwa mtufe kwamba mbegu zake haziota zote kwa mvua moja?
6. Mtufe na ua la madoa matano hutofautiana namna gani katika kukutana na kiangazi?
7. Zamani moto haukuenda mbali katika Mojave. Ni kitu gani kilichoupa njia?
8. Baada ya moto, mtufe waweza kumpa kobe nini, na hauwezi kumpa nini?
9. Andika habari ya aya mbili juu ya methali Akiba haiozi, ukitumia mfano wa mtufe na mfano mmoja kutoka nyumbani kwenu.